Okteni: Nguvu ya Petroli au Ustahimilivu Wake?

Msafiri aupandaye mlima wa Kitonga, katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, huenda akausikia mlio mmoja wa ajabu. Gari ni dogo, abiria ni watano, na mizigo imejaa. Dereva anakanyaga mafuta ilhali gari lingali katika gia kubwa, na mwendo unapungua. Ghafla injini inatoa sauti kavu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Dereva anaporudi gia ndogo, sauti inakoma. Abiria mmoja atasema kwamba injini imechoka. Wa pili atasema plagi zimekufa. Wa tatu, na huyu hakosekani, atailaumu petroli: "Ungeweka ya kampuni ile nyingine, yenye nguvu, tungekuwa tumekwisha fika juu."

Makala haya yanakusudia kuichunguza kauli ya huyo wa tatu. Je, ni kweli kwamba petroli ya kampuni moja ina nguvu kuliko ya nyingine? Na ile namba ya okteni inayotajwa kwenye vituo vya mafuta, 91, 95 au 98, hupima kitu gani? Swali hili linahusu mfuko wa mwenye gari. Lakini, kama tutakavyoona, limewahi pia kuigusa taa ya mwanafunzi ambaye kwao hakuna hata baiskeli.

Yanayotokea ndani ya silinda

Injini ya kawaida ya petroli hufanya kazi kwa mapigo manne. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa pamoja na mvuke wa petroli. Katika pigo la pili hupanda na kuugandamiza mchanganyiko huo. Pigo hilo linapokaribia mwisho, plagi hutoa cheche. Mchanganyiko huwaka, gesi hupanuka na kuisukuma pistoni chini. Hilo ndilo pigo la tatu, pigo la kazi. Katika pigo la nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje.

Watu wengi hudhani kwamba petroli hulipuka ndani ya silinda. Sivyo. Katika injini yenye afya, moto huanzia kwenye cheche na kuenea kwa utaratibu, kama moto wa nyika ushikao upande mmoja wa mbuga na kusonga mbele hadi upande wa pili. Tofauti ni muda tu. Injini izungukayo mara 3,000 kwa dakika hulimaliza kila pigo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba gesi igandamizwayo kwa haraka hupata joto. Aliyewahi kujaza upepo wa baiskeli ameusikia ujoto huo kwenye pampu. Tuchukue injini ambayo pistoni yake huugandamiza mchanganyiko hadi sehemu moja ya nane ya ujazo wake wa awali. Tunasema uwiano wake wa mgandamizo ni 8 kwa 1. Ikiwa mchanganyiko uliingia ukiwa na joto la nyuzi 27 za Sentigredi, yaani Kelvini 300, na kama hakuna joto lililopotea, tunazidisha 300 kwa 8 iliyopandishwa kwenye kipeo cha 0.4. Jibu ni karibu Kelvini 689, sawa na nyuzi 416. Uwiano ukiwa 10 kwa 1, joto hufika karibu nyuzi 480. Katika injini halisi joto huwa pungufu, lakini somo halibadiliki: kadiri mgandamizo unavyozidi, ndivyo joto linavyozidi, hata kabla ya cheche.

Baada ya cheche mambo huzidi kuwa magumu. Sehemu iliyokwisha kuwaka hupanuka na kuibana ile iliyosalia pembeni, ambayo sasa hupata joto na shinikizo kubwa zaidi. Ikiwa petroli haiwezi kustahimili, sehemu hiyo hujiwasha yenyewe, yote kwa mara moja, kabla moto wa cheche haujaifikia. Mawimbi ya shinikizo huzipiga kuta za silinda, na ndipo tunapozisikia zile kokoto za Kitonga. Mafundi husema kwamba injini "inagonga". Ikiachwa igonge kwa muda mrefu, gasketi huungua na pistoni huweza kutoboka.

Maana ya namba ya okteni

Mwaka 1926 mkemia wa Kimarekani, Graham Edgar, alipendekeza njia ya kuupima ustahimilivu huo. Alichagua vimiminika viwili. Cha kwanza ni isookteni, C8H18, ambayo kaboni zake zimepangika kwa matawi mafupi na haijiwashi kwa urahisi. Akaipa namba 100. Cha pili ni heptani, C7H16, ambayo kaboni zake zimefuatana katika mnyororo mmoja ulionyooka, nayo hugonga upesi sana. Akaipa sifuri. Petroli inayopimwa hutiwa katika injini maalumu yenye silinda moja, ambayo uwiano wake wa mgandamizo huweza kubadilishwa injini ikiwa inazunguka. Ikiwa inagonga sawasawa na mchanganyiko wa isookteni asilimia 95 na heptani asilimia 5, husemwa kwamba okteni yake ni 95.

Kipimo hicho hufanywa kwa njia mbili, moja ya masharti mepesi na nyingine ya masharti makali zaidi. Katika Afrika Mashariki na Ulaya hutajwa namba ya njia ya kwanza. Marekani huandika wastani wa njia zote mbili. Kwa hiyo 87 ya pampu ya Marekani hukaribia 91 ya kwetu, na mwenye gari lililotengenezewa soko la huko asidhani kwamba ameruhusiwa kutumia mafuta hafifu.

Ni dhahiri basi kwamba namba ya okteni haipimi nguvu iliyomo katika petroli. Hupima ustahimilivu wake. Ushahidi ulio wazi ni wa ethanoli, yaani kileo. Okteni yake huzidi 100, ilhali lita moja yake ina nishati ya megajuli 21 hivi, na lita ya petroli ina kiasi cha 32. Kimiminika chenye okteni kubwa zaidi ndicho chenye nishati ndogo zaidi.

Faida hutoka wapi?

Msomaji atauliza: kwa nini basi magari mengine hudai okteni kubwa? Jibu limo katika ule uwiano wa mgandamizo. Kwa hesabu za kitabuni, injini ya 8 kwa 1 huweza kugeuza kuwa kazi asilimia 56 hivi ya joto la mafuta yake. Ya 10 kwa 1 huweza kugeuza asilimia 60. Injini halisi hazifikii namba hizo, lakini mwelekeo ni huo huo. Mhandisi atakaye ufanisi huongeza mgandamizo, au hufunga turbo ya kushindilia hewa, kisha huhitaji petroli iwezayo kustahimili. Faida huletwa na umbo la injini; okteni huiruhusu tu. Kuitilia petroli ya 98 injini iliyoundwa kwa 91 ni sawa na kununua kamba ya nanga ya meli ili kumfungia mbuzi. Kamba ni imara kweli, lakini mbuzi hafaidiki.

Mwaka 2016 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kiliyapima magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida, yakitumia petroli ya daraja la juu. Hakikupata ongezeko la maana la nguvu wala upungufu wa maana wa matumizi ya mafuta. Kilikadiria kwamba kwa mwaka mmoja madereva wa nchi hiyo walipoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa kununua daraja wasilolihitaji.

Kinyume chake si salama vivyo hivyo. Injini iliyoundwa kwa 95 ikipewa petroli hafifu itataka kugonga. Magari mengi ya siku hizi yana kihisi kinachousikiliza mgongo huo, na kompyuta ya gari huichelewesha cheche ili kuokoa injini. Gari halitavunjika upesi, bali litapoteza nguvu na kula mafuta zaidi. Gari la zamani la kabureta halina mlinzi huyo.

Mahali nako kuna athari. Huko Nairobi au Mbeya, kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na shinikizo ndani ya silinda huwa dogo. Injini isiyo na turbo ambayo haigongi huko huweza kugonga ikiteremshwa Mombasa au Dar es Salaam, ingawa mafuta ni yale yale.

Je, jina la kampuni lina maana?

Katika Tanzania petroli huagizwa kwa mfumo wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2011. Meli moja hubeba shehena ya makampuni mengi, ambayo baadaye hushindana barabarani kwa rangi na mabango. Katika Kenya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na petroli iliyokwisha kusafishwa ng'ambo husukumwa kwenda Nairobi kwa bomba ambalo njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1978. Ndani ya bomba hilo petroli haina jina.

Tofauti ya kweli ni viongezeo, yaani dawa ambazo kampuni huchanganya katika petroli yake kabla ya kuiuza. Muhimu zaidi ni zile za kusafisha, ambazo huzuia masizi kuganda kwenye vali na midomo ya kupulizia mafuta. Mwaka 2004 baadhi ya watengenezaji wa magari, wakiwamo General Motors, Honda, Toyota na BMW, waliweka kiwango cha usafi kiitwacho TOP TIER. Katika jaribio jingine la mwaka 2016, AAA iliona kwamba petroli isiyofikia kiwango hicho iliacha masizi mara 19 zaidi, kwa wastani, baada ya mwendo wa kilomita 6,400 hivi. Kwa hiyo kiongezeo kizuri huitunza injini polepole, kwa miezi na miaka. Hakiwezi kuliinua gari mlimani siku ile ile.

Gharama ya okteni

Okteni haipatikani bure. Mwezi Desemba 1921, katika mji wa Dayton, Marekani, Thomas Midgley na wenzake waligundua kwamba matone machache ya tetraethili ya risasi huondoa mgongo wa injini. Dunia ilipata okteni rahisi, na pamoja nayo moshi wenye risasi, sumu idhuruyo ubongo wa mtoto anayekua. Mkutano wa Dakar wa mwaka 2001 uliazimia kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa zimeiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwezi Julai 2021.

Adui aliyesalia ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana. Mwanafunzi na akadirie mwenyewe: petroli ya 93 ikitiwa asilimia 10 ya mafuta yenye okteni ya 20, mchanganyiko utakuwa na okteni ya 86 hivi. Mchuuzi amepata faida, na mwenye gari amepata kokoto katika injini.

Tamaa hiyo ilistawi kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, kwa ajili ya wanyonge. Ili kuikomesha, Tanzania ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama ya kemikali, na mwaka 2011 ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwezi Septemba 2018. Wachakachuaji walibanwa. Lakini mama apikaye kwa jiko la utambi, na mwanafunzi asomaye kwa koroboi, nao walilipa, kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa vifaa vichache. Kazi ifanyike nje, kivulini, mbali kabisa na moto, na mwalimu mwenyewe ndiye ashike mafuta. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi ya kuchujia, na kwenye karatasi ya pili tone la petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Petroli safi huvukiza upesi, na karatasi hukauka bila doa la kuonekana. Mafuta ya taa huacha doa la unyevu lililokawia. Kisha pimeni densiti kwa haidromita. Petroli huwa kati ya gramu 0.72 na 0.78 hivi kwa sentimeta moja ya ujazo; mafuta ya taa huwa mazito zaidi. Wanafunzi waelezwe pia kwamba uchakachuaji mdogo huweza kuvipita vipimo hivi, na ndiyo maana maabara zinahitajika.

Turudi Kitonga. Mwenye gari na asome kitabu cha gari lake, atumie okteni iliyotajwa humo, wala asilipie zaidi. Anunue mahali anapoamini kwamba kilichoandikwa kwenye pampu ndicho kilichomo, na achukue stakabadhi. Na dereva aliyerudi gia ndogo alikuwa na hekima kuliko abiria wake wote. Injini ilizunguka haraka zaidi, kila pigo likapata mzigo mdogo, na petroli ile ile haikupata tena muda wa kujiwasha. Walifika juu bila kubadili kampuni.