Bustani ya nyumbani isiyochosha

Wengi wanatamani mboga karibu na mlango, lakini wanaogopa kazi. Wanasema: «Kulima, kupalia, kumwagilia kila siku, nani atapata nafasi?» Neno hilo ni kweli kama udongo uko wazi. Ukifunikwa, kazi inapungua sana.

Tutazame milima ya Kivu, kwa mfano Bukavu na vijiji vya kandokando. Mvua inanyesha tangu mwezi wa tisa hata mwezi wa tano. Penye mteremko, matone yanapiga udongo mtupu na kuuvunja, kisha maji yanauchukua mpaka ziwani. Unaotangulia kwenda ni ule wa juu, mweusi, wenye rutuba. Basi shamba linazaa kidogo zaidi mwaka kwa mwaka, na mwenyewe anadhani mbegu ni mbaya.

Kabla ya mwaka 1960 serikali ya Wabelgiji iliwashurutisha watu wa Kivu kuchimba mitaro ya kukinga mteremko. Mitaro ilikuwa na faida, lakini kazi ya kulazimishwa haipendwi. Uhuru ulipofika, wengi waliiacha ikajaa udongo. Hapa tunajifunza neno moja: kinga inayodumu ni ile inayompa mwenye nyumba chakula ao lishe ya wanyama wake.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tupande mistari ya majani marefu ya kulishia mbuzi, sungura ao simbilisi. Mistari ikate mteremko, isiufuate. Maji yakifika hapo yanapunguza mbio na kuacha udongo. Miaka ikipita, ngazi inajijenga yenyewe.

Pili, tusichome majani. Tutandaze bustanini majani ya migomba, maganda ya maharagi, na magugu yasiyo na mbegu bado. Yanazuia jua kukausha udongo, yanasonga magugu mapya, na yakioza yanakuwa mbolea. Lakini yasiguse mashina ya mboga, yasije yakayaozesha.

Tatu, tuchague mboga zinazojitunza. Matembele yanatambaa na kufunika udongo. Kipande cha shina kikipandwa kinashika. Lengalenga, tukiacha mashina machache yakomae, inajipanda yenyewe. Maharagi yanarutubisha udongo kwa mizizi yake. Sombe inachumwa muda mrefu. Itwangwe na kupikwa vizuri, kwani mbichi ina sumu.

Nne, tutumie mbolea ya bure. Kando ya njia nyingi unaota mmea wenye maua ya manjano kama alizeti. Wataalamu wanauita Tithonia. Majani yake mabichi yakikatwa na kufukiwa yanaoza upesi na kulisha udongo.

Pengine mtauliza: je, hakuna kazi kabisa? Ipo. Mwaka wa kwanza ni wa kupanda mistari na kukusanya majani. Kisha inabaki kukata, kutandaza na kuchuma, na kumwagilia kidogo wakati wa kiangazi.

Udongo uliokwisha kufika ziwani hatutaurudisha kwa mabega. Uliobaki mlangoni petu ndio wa kulinda, tena kabla ya mvua ya mwezi wa tisa.