Mchango wa shule kwa simu: mali bila daftari huisha bila habari

Ujumbe unaingia kwenye grupu la wazazi: Gredi ya 4, kila mzazi 300 za madawati, tuma kwa nambari hii. Kabla ya alasiri watu kumi washatuma. Kuanzia Kibokoni hadi Makadara, michango mingi huenda hivyo siku hizi, na ni jambo jema. Lakini mwezi ujao, nani ataweza kuonyesha hizo pesa zilikokwenda?

Kuchangia elimu si jambo geni hapa kisiwani. Shule ya Allidina Visram, ambayo leo ni ya umma, ilijengwa kwa mali ya familia ya mfanyabiashara wa jina hilo ili kumkumbuka. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu. Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni ndio waliotoa fedha. Hao walikuwa wakwasi. Leo anayetoa ni muuza viazi karai, dereva wa tuktuk na mama wa mahamri.

Na bado wanahitajika. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, serikali ilipanga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Baadaye ikawa 1,420. Ukizigawa kwa siku za mwaka, hazifiki shilingi 4 kwa siku. Ndiyo maana dawati likivunjika au choo kikiziba, macho hugeukia kwa wazazi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumtoza Mkenya karo ya masomo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri wa Elimu, akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kukataliwa shuleni kwa sababu mzazi hajalipa. Na anayekusanya pesa lazima atoe risiti rasmi.

Kwa hivyo ukidai risiti, usione haya. Humtuhumu mwalimu wala mweka hazina. Unamkinga, maana siku maneno yakizuka, karatasi ndiyo itakayomtetea.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

• Lipa kwa Paybill au akaunti ya shule, si kwa simu ya mtu binafsi. Kwenye nafasi ya akaunti, andika nambari ya usajili ya mtoto au neno mliloelewana.

• Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama silo unalolitarajia, simamisha kwanza, upige simu shuleni.

• Usifute ujumbe wa malipo. Unathibitisha kuwa pesa zimetoka kwako, lakini risiti ya shule ndiyo inayothibitisha kuwa zimeingia kwenye hesabu yake. Weka zote mbili.

• Ukipigiwa simu ya haraka na mtu anayejiita mwalimu, akitaka pesa sasa hivi, kata. Piga wewe mwenyewe nambari ya shule unayoijua. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema ametoka kwetu.

Baada ya kutuma

Tuseme wazazi 40 wametoa 300 kila mmoja: hizo ni 12,000. Wazazi wawili wakae na mweka hazina, walinganishe nambari za miamala na taarifa ya akaunti, kisha waweke kwenye grupu jumla iliyoingia, iliyotumika na iliyobaki. Fundi aliyejitolea siku moja kurekebisha madawati naye aandikwe, maana kazi yake pia ni mchango.

Majina ya wasiotoa yasiwekwe kwenye grupu. Mji wetu ni mdogo, na aibu ya mzazi humfuata mtoto hadi darasani. Mwenye dhiki mwezi huu huenda akatoa zaidi mwezi ujao, akiachiwa heshima yake.

Mwisho, nenda kwenye kikao. Chama cha Wazazi kina mwakilishi wa kila darasa, na wazazi wana nafasi 6 za kuchaguliwa kwenye Bodi ya Usimamizi. Hapo ndipo inapoamuliwa kama pesa zitanunua madawati au rangi ya lango. Ukituma 300 na usihudhurie, wengine watakuamulia.