Nzi wa Manyoya Ufukweni Katonga

Mimi mtu wa Mwandiga. Samaki nimezoea kumkuta sokoni, keshakaushwa. Likizo ya Julai tulishuka ufukwe wa Jakobsen, kule Katonga kando ya Ziwa Tanganyika, na shemeji akaja na fimbo ya kuvulia aliyokuwa akiitumia Mafia.

"Shemeji, huku hatutundiki dagaa," akanambia, akinionesha ndoano iliyofungwa manyoya meupe ya kuku na uzi unaong'aa. Wazungu humwita nzi.

Kwa mshipi wetu, chubwi ndiyo inayoubeba uzi. Nzi huyu hana uzito wowote. Uzito umo kwenye mshipi wenyewe, mnene, unaorushwa nyuma, ukasubiriwa unyooke, ndipo urushwe mbele. Mimi sikusubiri. Ndoano ikanasa kofia yangu mwenyewe.

Baharini wanaovua hivi huwatafuta kolekole. Ziwani nilimtaka kuhe, jamaa wa sato aliye miongoni mwa wakubwa kabisa wa ukoo wao duniani, tena mlezi hodari: baba na mama hulinda vifaranga pamoja. Nilirusha saa mbili nzima. Kilichonasa ni kisamaki cha urefu wa kidole, nikakirudisha.

Jioni tulikula migebuka ya kununua Kibirizi.