Ngeli za Kiswahili katika Kiunzi cha Tovuti

Atengenezaye tovuti kwa PHP, lugha ya programu iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, halazimiki kuandika kila kitu mwenyewe. Viko viunzi, yaani programu zilizokwisha kuandikwa ambazo mtu hujengea juu yake. Kimoja kilicho chepesi ni CodeIgniter, kilichotolewa mwaka 2006. Seremala wa Tandika, wilayani Temeke, auzaye viti na vitanda, chamtosha: ombi la mteja hupokewa, habari hutolewa katika hazina, kisha hujazwa katika kiolezo cha ukurasa.

Hadi hapo hapana taabu. Taabu huanza kwenye wingi. Kiunzi hicho kina kanuni yake ya kufanyiza wingi, nayo ni ya Kiingereza: ikipewa "kiti" hutoa "kitis", na "kitanda" huwa "kitandas". Kosa hili angalau huchekesha, likagunduliwa upesi. Lililo baya zaidi ni la sentensi iliyoungwa vipande vipande: hesabu, jina, kisha kitenzi kisichobadilika. Mteja husoma "viti 3 imepatikana", na upatanisho wa ngeli umevunjika.

Dawa ipo. CodeIgniter huruhusu folda ya maneno kwa kila lugha, na ya Kiswahili huitwa "sw". Humo yafaa kila jina liandikiwe sentensi nzima: "Kiti 1 kimepatikana", "Viti 3 vimepatikana", na pasipo kitu, "Hakuna kiti kilichopatikana".