Pombe, Bangi na Rubani wa Ndege

Na Mwanafunzi wa Zamani

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya kazi yangu ya ufundi wa ndege. Lakini kila nikutanapo na wanafunzi wa shule yetu, swali waniulizalo kwanza si juu ya mashine, bali ni juu ya marubani. Huuliza hivi: Je, ni kweli kwamba rubani hukatazwa pombe hata bilauri moja? Na kama alikunywa jana, leo pana ubaya gani? Tena, vipi juu ya bangi, ambayo siku hizi nchi nyingine zimeihalalisha? Maswali haya ni mazuri, maana majibu yake hayamhusu rubani peke yake. Basi nitajaribu kuyajibu kwa kadiri nijuavyo.

Tuanze na sheria. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO, lenye makao yake Montreal, limeweka kanuni kwamba mtu yeyote ambaye usalama wa ndege wategemea kazi yake asiifanye akiwa ameleweshwa na kitu chochote. Kanuni hiyo haimtaji rubani tu. Hata sisi mafundi imo shingoni mwetu. Kisha kila nchi huweka kipimo chake. Huko Marekani rubani lazima akae saa 8 tangu kinywaji chake cha mwisho, na tena kileo kilichomo katika damu yake kisifike miligramu 40 katika kila mililita 100. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2003, kipimo cha rubani ni miligramu 20 tu, hali dereva wa motokaa katika England huruhusiwa mpaka 80. Makampuni mengi ya ndege huzidisha ukali, yakataka saa 12 au zaidi.

Huenda msomaji akasema, "Saa 8 zatosha, mtu alale, aamke, aoge, aende kazini." Hapa ndipo hesabu itakapotusaidia. Mwili wa mtu huiondoa pombe katika damu kwa mwendo wake wenyewe, kiasi cha miligramu 15 hivi kila saa, ingawa watu hutofautiana kidogo. Kahawa nyeusi haiuharakishi mwendo huo, wala maji ya baridi, wala supu ya asubuhi. Sasa chukua mtu aliyeacha kunywa saa 6 usiku, damu yake ikiwa na miligramu 180. Ikifika saa 2 asubuhi, zile saa 8 zimetimia. Zidisha 15 mara 8, utapata 120. Toa 120 katika 180, na zimebaki 60. Mtu huyu ameitimiza sheria ya saa, ameoga, amevaa mavazi safi, na bado ni mlevi mbele ya sheria ya Marekani, na mlevi mara tatu mbele ya sheria ya Uingereza.

Tena, hata damu ikiisha kusafika, kazi ya pombe haijakwisha. Ndani ya sikio, mbali na kile kitusikizishacho, mna vijifereji vitatu vyenye majimaji. Hivyo ndivyo vitujulishavyo kama tunageuka, na upande gani. Pombe huingia katika sehemu za vijifereji hivyo, nazo hupishana uzito, na ndiyo maana mlevi akijilaza huona kitanda kinazunguka. Pombe ikipungua katika damu, hubaki muda ndani ya sikio. Mtu aliye chini ardhini ataona kizunguzungu kidogo, akae kitini, kimpite. Lakini rubani aliye ndani ya wingu haoni upeo wa mbingu na ardhi, na sikio lake likimdanganya hana ukuta wa kuegemea. Atakiona chombo kimeinama hali kimenyoka, au kimenyoka hali kinapinduka.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1986 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za marubani 10 wa jeshi la majini waliojaribiwa katika mashine ya mfano, ile iliyo kama chumba cha rubani lakini haitoki ardhini. Walinyweshwa mpaka damu ikafika kiasi cha miligramu 100, wakaachwa, kisha wakajaribiwa baada ya saa 14. Pombe ilikuwa imekwisha kutoka katika damu, lakini uendeshaji wao ulikuwa bado duni kuliko siku waliyojaribiwa bila kunywa.

Sasa tuje kwenye bangi. Kwa pombe yapo walau mahesabu niliyoyaonyesha. Kwa bangi hesabu ni ngumu, kwa kuwa kiini chake hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka polepole. Mwaka 1991 wataalamu walewale wa California walitangaza jaribio la marubani 9 waliovuta kiasi cha miligramu 20 za kiini hicho. Baada ya saa 24, marubani 7 kati ya 9 walionekana bado wana upungufu katika kuiongoza mashine ya mfano. Lakini katika hao wote ni mmoja tu aliyesema kwamba anajisikia bado yumo katika athari ya bangi. Ni kweli kwamba marubani 9 ni wachache, na wataalamu wangali wakibishana ni saa ngapi hasa bangi humharibia mtu kazi. Lakini hilo la kutojitambua ndilo la kushika. Ndiyo sababu Kanada, ijapokuwa iliihalalisha bangi mwaka 2018, mwaka uliofuata ilitangaza kwamba rubani asiitumie kwa muda wa siku 28 kabla ya kazi. Na huko Marekani, hata katika majimbo yaliyoiruhusu, leseni ya rubani hutolewa na serikali ya shirikisho, nayo haikuiruhusu.

Labda mtu atasema haya ni mambo ya vitabuni. Basi nitaje matukio matatu.

La kwanza ni la Finland, tarehe 3 Januari 1961. Ndege aina ya DC-3 iliondoka Kronoby asubuhi kwenda Vaasa, safari fupi kabisa. Marubani wote wawili walikuwa wamekunywa usiku na kulala saa chache tu. Ilipokuwa karibu kufika ilipinda, ikashindwa kujizuia hewani, ikaanguka msituni Kvevlax. Watu wote 25 walikufa. Damu ya rubani mkuu ilikutwa na miligramu 200, na ya msaidizi wake 156. Mpaka leo hapajatokea ajali ya ndege katika Finland iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

La pili ni la Anchorage, katika Alaska, tarehe 13 Januari 1977. Ndege ya mizigo aina ya DC-8, ya kampuni ya Japan Airlines, ilikuwa ichukue ng'ombe hai kwenda Tokyo. Dereva wa teksi aliyempeleka rubani mkuu kiwanjani alimwona amelewa. Hakunyamaza. Aliwaambia wakubwa wake, nao wakapiga simu kwa kampuni moja iliyofanya kazi kiwanjani. Habari ikafika, lakini ndege haikuzuiwa. Ndani yake mlikuwa na wasaidizi wawili waliokaa na rubani huyo katika chumba kidogo, wakazungumza naye, wakamwona akifanya kazi, nao hawakumzuia. Ndege iliruka, ikapoteza nguvu ya kuelea, ikaanguka. Barafu iliyoganda juu ya mbawa ilizidisha ubaya. Watu wote 5 walikufa, yaani warukaji 3 na wachungaji 2 wa ng'ombe. Kipimo cha rubani mkuu kilikuwa miligramu 298.

Nawaomba wanafunzi walifikiri sana tukio hilo la pili. Mtu aliyesema alikuwa dereva wa teksi, asiyejua lolote juu ya kurusha ndege. Walionyamaza walikuwa wenye elimu ya kazi hiyo, ambao maisha yao wenyewe yalikuwa mikononi mwa mlevi. Kwa nini? Hatuwezi kuwauliza. Lakini sisi tuliolelewa katika adabu ya wakubwa twaweza kukisia. Rubani mkuu alikuwa mtu wa miaka zaidi ya 50, mwenye uzoefu mwingi. Wao walikuwa chini yake. Ni nani kati yetu aliyefundishwa jinsi ya kumwambia mzee, "Mzee, leo hufai kufanya kazi"? Tumefundishwa kumwamkia, kumpisha kiti, kumpokea mzigo. Hayo ni mema, wala sisemi tuyaache. Nasema tu kwamba heshima imchayo mkubwa kuliko imwombeavyo uhai si heshima tena, ni woga uliovaa kanzu.

Tukio la tatu ni la Marekani, tarehe 8 Machi 1990. Warukaji watatu wa kampuni ya Northwest walirusha ndege aina ya Boeing 727 kutoka Fargo kwenda Minneapolis, baada ya usiku wa kunywa. Rubani mkuu, Lyle Prouse, alipopimwa baadaye alikutwa na kiasi cha miligramu 130. Hapa pia mtu wa nje alikuwa amekwisha kupeleka habari, na hapa pia ndege iliruka. Safari hii ilitua salama, na hakuna abiria aliyeumia. Wote watatu walikamatwa, wakahukumiwa kifungo, Prouse miezi 16 na wenzake miezi 12 kila mmoja.

Wako wasemao, "Mbona walitua salama?" Hao ndio hao wasemao, "Mbona fulani huendesha basi amekunywa kila siku na hajaanguka?" Kutua salama kwa siku yenye anga njema si ushahidi wa kitu. Rubani huajiriwa kwa ajili ya ile siku mbaya, injini izimikapo, au upepo ugeukapo ghafula. Siku hiyo huhitaji akili yake yote, nayo haitoi taarifa kabla ya kuja.

Lakini habari za Prouse hazikuishia gerezani. Aliacha pombe, akaanza upya kutafuta leseni zake zote, akarudishwa katika kampuni ileile, akarusha ndege tena mpaka akastaafu. Januari 2001 Rais Clinton alimpa msamaha. Niyaelezayo haya si kwa kumsifu, bali kwa sababu yana somo. Tangu mwaka 1974 upo mpango huko Marekani, uitwao HIMS, wa kuwatibu marubani waliotekwa na pombe, kuwaangalia kwa muda mrefu, na kuwarudisha kazini wakipona. Waliouanzisha walitambua kwamba rubani ajuaye ya kuwa akisema atapoteza mkate wa watoto wake hatasema kamwe. Ataficha, na wenzake watamfichia. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa rubani, kifo hicho hakimwumbui peke yake. Huwachukua na abiria walioketi nyuma yake wakisoma magazeti.

Kwa hiyo majibu yangu ni haya. Bilauri moja jana mchana haitamdhuru rubani leo, lakini bilauri nyingi usiku zitamdhuru, hata kama saa zimetimia. Bangi haina hesabu ya kuaminika, kwa hiyo isiwepo kabisa. Na mlevi, awe wa pombe au wa bangi, ndiye shahidi mbaya kuliko wote juu ya hali yake mwenyewe. Kipimo chake cha kwanza ni macho ya mwenziwe, na ulimi wa mwenziwe.

Wengi wenu hamtakuwa marubani. Mtakuwa madaktari, wauguzi, mafundi wa umeme, madereva wa mabasi ya usiku, na waalimu. Kila mmoja wenu siku moja atasimama karibu na mkubwa wake wa kazi na kusikia harufu. Siku hiyo mwambie kwa adabu, faraghani ikiwezekana, lakini mwambie kabla kazi haijaanza. Asipokubali, mwambie aliye juu yake, na asiposikia huyo, usipande wala usimsaidie kuondoka.