Simbilisi Ana Kivimbe Mgongoni: Usikikamue

Kivimbe cha ngozi, kwa kawaida, hakimuui simbilisi. Kinachoweza kumuua ni tiba ya papara: kukikamua kama chunusi, kukipaka spiriti, au kumpa mnyama amoksilini iliyobaki kabatini tangu mtoto alipougua kikohozi. Ndiyo maana mfugaji anayegusa gololi ndogo chini ya manyoya anatakiwa kwanza ajue ameshika nini.

Mara nyingi huwa ameshika kifuko. Kila unywele huota kwenye tundu lake, na tundu hilo lina tezi ya mafuta. Likiziba, mafuta na seli za ngozi zilizokufa hukosa pa kutokea, hujikusanya chini ya ngozi na kuzungukwa na ukuta mwembamba. Kifuko hukua taratibu, kwa wiki au miezi, kikijaa uji mzito mweupe au wa kijivu unaofanana na dawa ya meno. Wakati mwingine humo ndani mna nywele.

Kuna ndugu yake wa karibu, trikofolikuloma. Huu ni uvimbe usio saratani unaoanzia kwenye tundu la unywele, nao ni miongoni mwa vivimbe vya ngozi vinavyoonekana zaidi kwa simbilisi. Hupenda kuota sehemu ya chini ya mgongo, karibu na kiuno, na madume huupata zaidi ya majike. Kwa macho ni vigumu kuutofautisha na kifuko cha kawaida, kwa kuwa nao huweza kupasuka na kutoa uji wa namna ileile.

Vivimbe hivi ni mambo ya umri pia. Kule Kivu, ambako kaya nyingi hufuga simbilisi kwa kitoweo, mnyama huchinjwa kabla hajazeeka. Anayefugwa kama kipenzi huishi miaka 5 hadi 8, na ngozi yake hupata muda wa kutosha kuonyesha kasoro.

Ubaya wa kukamua uko kwenye ule ukuta. Uji utatoka, lakini ukuta utabaki palepale na kuanza kujaza upya. Baya zaidi, vidole vinaweza kukipasulia kifuko kwa ndani. Uji ukimwagika chini ya ngozi, mwili huuona kama kitu kigeni na kuushambulia. Ngozi huvimba na kuwa nyekundu, na bakteria wakipata mwanya, kilichokuwa kivimbe kisichouma hugeuka jipu.

Mahali uvimbe ulipo husema mengi. Ulio chini ya shingo au taya usiuite kifuko kwa haraka: huenda ni jipu la tezi za limfu linaloletwa na bakteria wa jamii ya Streptococcus, au jipu lililoanzia kwenye jino. Ulio karibu na chuchu huenda ni uvimbe wa titi, na madume hawakusalimika. Uchafu wa kahawia, mzito kama nta, juu kidogo ya kitako cha dume si ugonjwa. Ni tezi anayotumia kuacha harufu yake. Lainisha kwa mafuta ya nazi kidogo, osha kwa sabuni isiyo kali, kausha vizuri. Na jike anayepata upara mbavuni pande zote mbili achunguzwe vifuko vya ovari, ambavyo viko tumboni na havina uhusiano na ngozi.

Baada ya mahali, tumia vidole, ila kwa kugusa tu. Kifuko cha ngozi huwa cha mviringo, husogea pamoja na ngozi, hakina joto, na mnyama hajali kikiguswa. Jipu huwa na joto na huuma. Mwenyewe hujikunyata na kupunguza kula. Uvimbe mgumu ulioshikamana na nyama ya chini, au unaokua upesi, usisubiri. Pima upana kwa rula, piga picha, andika tarehe. Mpime pia uzito kwa mizani ya jikoni kila wiki, na kila siku akiwa mgonjwa. Simbilisi mzima huwa na gramu 700 hadi 1,200 hivi, na uzito huanza kushuka kabla mwenye mnyama hajaona dalili nyingine.

Daktari wa mifugo ataingiza sindano nyembamba, avute kidogo kilichomo na kukitazama kwa hadubini. Hapo ndipo kifuko, jipu na uvimbe wa aina nyingine hutengana. Kikihitaji kuondolewa, hutolewa pamoja na ukuta wake wote, mnyama akiwa kwenye nusu kaputi. Mwulize mapema kuhusu chakula. Mbwa huzuiwa kula kabla ya upasuaji ili asitapike, lakini simbilisi hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama ni hatari kubwa. Kumlaza na njaa usiku kucha hakufai.

Kivimbe kikipasuka chenyewe, punguza manyoya yanayokizunguka kwa mkasi wenye ncha butu. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa, yaache yawe vuguvugu, kisha futa kwa shashi safi uji uliotoka wenyewe. Usibonyeze ili utoke zaidi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza nyama changa inayojaribu kuziba kidonda, na krimu za ngozi za binadamu mnyama atazilamba. Ondoa maranda ya mbao bandani, tandika taulo au karatasi na ubadilishe kila siku. Katika nchi zetu za joto nzi ni tishio la kweli: wakitaga kwenye kidonda kibichi, funza hutokea upesi. Mweke ndani ya chandarua, na mpeleke kwa daktari siku hiyo au kesho yake.

Kuhusu dawa, sharti ni moja: usimpe antibiotiki yoyote ambayo daktari wa mifugo hakuiandika kwa ajili yake. Utumbo wa simbilisi hutegemea bakteria wanaosaga nyasi. Penisilini, ampisilini, amoksilini, erithromisini na klindamisini zikipitia mdomoni huwaua bakteria hao na kuwaachia uwanja wale wa jamii ya Clostridium, ambao hutoa sumu. Mnyama huharisha na anaweza kufa ndani ya siku chache. Zipo dawa anazozivumilia vizuri zaidi, na daktari hukadiria kipimo kwa uzito wake.

Kidonda hupona kwa chakula pia. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu nao wakapata kiseyeye. Kwa njia hiyo ugonjwa huo ulipata mnyama wa kuutafiti. Bila vitamini hiyo mwili haujengi kolajeni imara, na kidonda huchelewa kufunga. Mahitaji yake kwa siku ni miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito, na mgonjwa huhitaji kiwango cha juu. Kipande cha pilipili hoho kila siku husaidia sana. Pera pia lina vitamini nyingi, lakini lina sukari, hivyo kitoshe kipande kidogo mara chache. Usiichanganye vitamini kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa huharibika upesi. Nyasi zisikosekane bandani usiku na mchana.

Akirudi kutoka kwenye upasuaji, hesabu kinyesi na tazama mdomo kabla ya kutazama mshono. Anatakiwa aanze kula ndani ya saa chache. Akigoma, mpigie daktari. Huenda maumivu hayajatulizwa, au akahitaji kulishwa uji maalumu kwa bomba lisilo na sindano. Nusu siku bila kula ni dharura. Mshono ukivimba, ukitoa usaha au akiutafuna, mrudishe.

Si kila kivimbe kinastahili kisu. Mzee wa miaka 6 mwenye kivimbe cha ukubwa wa punje ya njegere, kisichokua wala kumsumbua, anaweza kuachwa kwa ushauri wa daktari huku kikipimwa kila wiki. Kijana wa miaka 2 ambaye chake kinapasuka na kujaa tena atafaidika zaidi kikitolewa kingali kidogo, maana jeraha huwa dogo na muda wa nusu kaputi huwa mfupi.