Kamba ya mfinyanzi yaweza kuupa mshumaa thamani

MSHUMAA mweupe wa kiwandani, mwembamba na laini, huuzwa kwa bei ya chini mno hata fundi wa mikono wa Maseno hawezi kushindana nao. Anayeyeyusha nta nyumbani hana budi kutafuta soko jingine: la mshumaa mnene usimamao wenyewe bila kinara, wenye nakshi za kuonekana na kugusika, unaofaa kanisa, harusi, meza ya hoteli au zawadi.

Nakshi hizo zina faida mbili. Huupa mshumaa sura ya kipekee, na huficha kasoro ndogo kama vile vishimo vya hewa na alama ya maungio ya kalibu.

Maarifa ya kutia nakshi si mageni katika eneo hilo. Si mbali na Maseno, katika Siaya, kuna Urewe, mahali palipotoa jina la vyungu vya kale vyenye mistari ya kuchanjwa, ambavyo Mary Leakey na wenzake walivieleza kitaalamu mwaka wa 1948. Wafinyanzi wa Kiluo, ambao ni wanawake, nao huviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi ili kuacha alama kwenye chungu.

Mbinu hiyo hiyo yaweza kutumika kwa nta. Mfinyanzi hungoja udongo ufikie unyevu unaofaa. Mtengenezaji wa mishumaa hungoja joto. Nta ikiwa moto mno, alama hufutika; ikipoa kabisa, hupasuka.

Kwanza, mshumaa hutolewa kwenye kalibu ukiwa umeshikana, kisha huchovywa mara moja au mbili katika nta iliyoyeyuka ili upate ngozi laini. Ngozi hiyo ikiacha kunata vidoleni ilhali bado ina uvuguvugu, mshumaa huviringishwa polepole juu ya kamba ya mkonge iliyotandazwa kwenye ubao.

Mbinu ya pili ni ya povu. Nta huachwa ipoe hadi ianze kufanya utando juu, kisha hupigwa kwa uma kama mayai mpaka iumuke. Hupakwa upesi juu ya mshumaa, nayo huganda ikiwa na vinundu kama lipu ya ukuta.

Mbinu ya tatu haihitaji kifaa chochote cha ziada. Nta inayoanza kuganda pembeni mwa sufuria humiminwa katika kalibu baridi, na mshumaa hutoka na mawimbi na madoa meupe.

Hata hivyo, urembo usiharibu kazi ya mshumaa. Mfereji ulio wa kina kirefu hudhoofisha ukuta wa nta, na nta iliyoyeyuka huweza kupenya na kumwagika mezani. Tabaka nene la povu nalo huongeza upana, na utambi uliofaa awali ukawa mdogo mno. Rangi ya nyumba haifai kwa mshumaa, kwani huweza kuziba utambi. Majani makavu na vitambaa vikibandikwa nje huweza kushika moto.

Hatari kubwa zaidi iko jikoni. Nta haiyeyushwi moja kwa moja juu ya moto, bali ndani ya chombo kilichowekwa katika sufuria ya maji. Nta nyingi ya parafini huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 za selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha. Nta ikiwaka, isimwagiwe maji kamwe, kwani moto utaruka. Izimiwe jiko na ifunikwe kwa kifuniko.

Kabla ya kuuza, fundi huwasha mshumaa mmoja wa kila aina na kuukalia hadi uishe. Mnunuzi huvutiwa na nakshi mara ya kwanza, lakini hurudi kwa sababu mshumaa uliwaka vyema.